Coup inatamkwa "ku", na sio kila mapinduzi ni coup

Kila wanajeshi wakitokea kwenye tivii, mmoja kakaa mbele anasoma karatasi na wenzake kumi wamesimama nyuma wamekaza sura, mtandaoni yanaanza mabishano mawili kwa mpigo. La kwanza ni la matamshi, huyu anasema koup, yule anasema kupu, anakuja wa tatu kuwasahihisha wote wawili na yeye mwenyewe anakosea. La pili ndo zito zaidi, mtu anauliza hii ni coup au ni mapinduzi, anajibiwa kwani si kitu kimoja, coup ndo Kiingereza cha mapinduzi fungua kamusi uone. Anafungua kamusi, anakuta kweli imeandikwa hivo, mjadala unaishia hapo na kila mtu anaondoka akiwa hajaelewa kitu. Mimi naona tunapoteza kitu kikubwa hapo, maana hayo maneno mawili yanaangalia tukio moja kutoka pande mbili tofauti kabisa, na ukishaona tofauti yake hata habari zenyewe unazisoma kwa jicho lingine.

Tuanze na maana. Coup, kwa ile maana ya kwenye habari, ni pale kikundi kidogo cha watu waliomo ndani ya dola wanaponyakua madaraka ya juu kabisa, kwa ghafla, na nje ya sheria. Shika hayo manne: kikundi kidogo, ndani ya dola, ghafla, nje ya sheria. Ukitoa moja tu, kitu kinabadilika jina. Tutarudi huko.

Matamshi sasa. Inasomwa "ku", kama ku ya mwanzo wa kusoma ila uivute kidogo. Herufi p ipo kwa ajili ya macho tu, haisomwi, Wafaransa wana tabia hiyo ya kuacha konsonanti za mwisho kimya na Waingereza walipolichukua neno wakalichukua na ukimya wake. Zikiwa nyingi Mwingereza anaandika coups na kusema "kuz". Jina kamili ni coup d'état, soma "ku deita", na ukitaka wingi wake ile s inakaa kwenye coup, coups d'état, haikai mwishoni, sababu zinazoongezeka ni coup, dola ni ile ile moja. État ni dola. Na coup ni nini? Coup ni pigo.

Hapa naomba tukae kidogo, maana sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Kwenye Kiingereza coup imekaa peke yake kama mgeni rasmi, inaonekana neno la siasa na bunduki tu. Kwenye Kifaransa ni neno la kila siku, liko jikoni, liko uwanjani, liko kitandani, na linafanya kazi karibu sawa sawa na "piga" yetu. Fikiria piga inavyofanya kazi: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga picha, na hakuna anayeumizwa. Mtoto hajiulizi simu imekosa nini mpaka ipigwe. Sasa Mfaransa naye simu kwake ni coup de fil, pigo la uzi, yaani ule waya. Kufagia haraka haraka ni coup de balai, pigo la ufagio. Kutupia kitu jicho ni coup d'œil, pigo la jicho. Kumsaidia mtu ni coup de main, pigo la mkono. Teke ni coup de pied, pigo la mguu, mlio wa bunduki ni coup de feu, pigo la moto, na ile ngozi kuungua ukikaa juani muda mrefu ni coup de soleil, pigo la jua, na sisi tunasema hivyo hivyo, fulani amepigwa na jua. Kwenye mpira faulo ikitokea anapewa coup franc, na watangazaji wetu wanasema pigo huru, wala hawakutafsiri kwa kukaa mezani, ndo lugha mbili zimekutana njiani. Ukimpenda mtu mara ya kwanza tu unapomwona hiyo ni coup de foudre, pigo la radi. Hata ile "beaucoup" ambayo watu wanaijua kwenye merci beaucoup, asante sana, ukiichana vipande viwili ni beau na coup, pigo zuri, pigo la kushiba, kwa hiyo ikaja kuwa nyingi au sana.

Kwa hiyo Mfaransa aliyeunda coup d'état hakubuni neno la kutisha. Alichukua lile neno lake la kupiga simu na kufagia akaliweka mbele ya dola. Pigo la dola. Na pigo, kwa asili yake, ni kitu cha mara moja, mkono unakwenda unarudi, huwezi kusema pigo limechukua miaka sita. Ndo maana ghafla iko ndani ya neno lenyewe, hata kabla mwanasheria yeyote hajaandika maana yake.

Ukilifuata nyuma zaidi unakuta pigo lenyewe lilikuwa la mkono. Kifaransa cha zamani walisema colp, wakaitoa kwenye Kilatini cha baadaye, colpus, na Kilatini wakaitoa Kigiriki, kolaphos, ambayo ni ngumi au kofi la uso. Kitenzi cha neno hilo kimo kwenye Agano Jipya la Kigiriki, Mathayo 26:67, pale Yesu anapotemewa mate na kupigwa. Kutoka kofi la Kigiriki mpaka vifaru mbele ya redio ya taifa ni safari ndefu, lakini mkono ni ule ule.

Njiani neno likazaa. Kupiga kwa kitu chenye makali ni kukata, kwa hiyo Wafaransa wakapata couper, kukata, na kipande kilichokatwa wakakiita coupon, na hiyo mnaijua, ndo kuponi, ile unayochana kwenye karatasi. Yaani kila ukisema kuponi unamtaja binamu wa coup. Gari la milango miwili linaloitwa coupé nalo ni la ukoo huo, mwanzo lilikuwa gari la farasi lililofupishwa, "lililokatwa". Kiingereza kina recoup, kurudisha hasara, na kina cope, ambalo leo linamaanisha kumudu hali ila zamani lilikuwa kupigana, kurushiana mapigo na mtu, na angalia, hili liliingia mapema enzi Kiingereza kinameza Kifaransa na kukifanya chake, likabadilika sura mpaka hulitambui, wakati coup d'état lilikuja baadaye, miaka ya 1640, Kifaransa kikiwa lugha ya heshima, likaachwa na nguo zake zote na ile p ya kimya.

Sasa kuna jambo ambalo mimi lilinishangaza sana nilipolijua na nadhani wengi halijawafikia. Mwanzoni coup d'état haikuwa kumpindua mtawala. Ilikuwa ni pigo ambalo mtawala mwenyewe analipiga. Mwaka 1639 Mfaransa mmoja mtunza maktaba, Gabriel Naudé, alichapisha kitabu kuhusu mambo hayo, na kwake coup d'état ni kile kitendo kizito cha mfalme, cha siri, kisichofuata sheria ya kawaida, kinachofanywa ghafla kwa madai kwamba ni kwa faida ya dola. Mfano wake mmoja ni mauaji ya Waprotestanti wa Paris usiku wa Mtakatifu Bartholomew, Agosti 1572, na aliyatetea. Yaani pigo lilitoka juu kwenda chini. Mtu akikwambia leo kwamba rais aliyeko madarakani hawezi kufanya coup kwa sababu hawezi kujipindua, mwambie maana hiyo ndo ya zamani kuliko zote.

Lililogeuza maana ni Ufaransa yenyewe. Tarehe 9 Novemba 1799, kwa kalenda ya mapinduzi yao 18 Brumaire, jenerali Napoléon Bonaparte na wenzake, baadhi yao wakiwa tayari wamo ndani ya serikali, waliiondoa serikali iliyokuwepo na yeye akaishia kushika usukani. Kisha mpwa wake, Louis-Napoléon, aliyechaguliwa kihalali kuwa rais Desemba 1848, alikuta katiba haimruhusu kurudia kipindi, basi tarehe 2 Desemba 1851 akalivunja bunge kwa nguvu ya jeshi, na mwaka mmoja baadaye siku hiyo hiyo akawa mfalme Napoléon III. Baada ya hapo Ulaya nzima ilikuwa inalitamka neno hilo.

Nimesema usukani, na hapa ndo ufunguo wa mjadala wote ulipo kwa upande wetu.

Kiswahili kinasema pindua. Pindua ni nini? Chombo kikipinduka baharini, kilichokuwa juu kiko chini, mkuku unaangalia mbingu, abiria wako majini, shehena imekwenda. Hiyo ndo picha iliyomo ndani ya neno mapinduzi, na ni picha ya matokeo, ya hali baada ya tukio: kila kitu kimegeuka. Coup yenyewe haijali kilichogeuka, inaangalia kitendo, ule mkono uliopiga. Sasa chukua chombo chetu kiko safarini. Usiku mabaharia watatu wanaoaminiwa, ambao zamu ya kulinda nahodha ni yao, wanamfunga kamba, mmoja anashika usukani, asubuhi abiria wanaamka wanatangaziwa nahodha mpya. Chombo kimepinduka? Hapana, kiko wima, tanga lile lile, shehena ile ile, abiria wale wale, mara nyingi hata safari ni ile ile. Hiyo ni coup. Abiria wakiinuka wote, wakaondoa uongozi, wakabadilisha safari, wakagawana shehena upya, wakaamua hata nani alale juu na nani chini, hapo ndo chombo kimepinduliwa, kile ambacho Kiingereza wanaita revolution. Wakija watu na boti nyingine kutoka nje kushambulia, hayo ni mapambano ya waasi au uvamizi. Mabaharia wakigoma kufanya kazi au wakakataa amri bila kuutaka usukani, huo ni uasi wa kijeshi tu, na mara nyingi habari za kwanza kwanza zinachanganya hapo, mlio wa risasi kambini unaitwa coup kumbe askari wanadai mishahara. Nahodha akimaliza muda wake akafunga mlango wa chumba cha usukani na kutupa kitabu cha sheria baharini, hiyo ni coup ya kujifanyia mwenyewe. Na wenye chombo wakikaa kikao, wakafuata utaratibu walioandika wao wenyewe, wakamwondoa nahodha, hiyo sio coup hata kama nahodha analia kwamba kapinduliwa.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kimeyaweka karibu yote hayo kwenye kapu moja. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 Kiingereza wanayaita revolution. Chama cha Mapinduzi, kilichoanzishwa 1977, jina lake likitafsiriwa ni chama cha revolution. Mapinduzi ya viwanda ni revolution. Na sajenti akimtoa rais saa tisa usiku, nayo mapinduzi. Neno moja linabeba mashine za mvuke, umma ulioinuka, na watu watano wenye bunduki, sasa tunashangaa nini watu wakibishana. Tunajaribu kujitoa kwa kuongeza "ya kijeshi", inasaidia, lakini inazaa kosa lingine ambalo nalifikia muda si mrefu.

Wala hatuko peke yetu. Waarabu wanasema inqilab, kutoka kitenzi cha kupindua, picha ile ile yetu, ila wao wameigawa: inqilab ni coup, na revolution ni thawra. Waajemi wakalichukua neno hilo hilo la Kiarabu wakalipeleka upande wa pili, kwao enqelab ni revolution, hata ile ya Iran ya 1979 inaitwa hivyo, halafu kwa ajili ya coup wakaazima Kifaransa na kukiandika kwa masikio, kudeta. Waindonesia nao ni kudeta. Waturuki wanasema darbe, pigo, Wahispania golpe, ambalo ni mtoto wa colpus ile ile, Wajerumani wana Staatsstreich, pigo la dola neno kwa neno, na pia Putsch, neno la Uswisi la kusukuma au kugonga kwa nguvu, lililopata umaarufu kutoka ghasia za Zürich za 1839. Ukiyapanga hivyo unaona lugha nyingi zimechagua mkono unaopiga, chache zimechagua chombo kinachopinduka. Mimi sisemi picha yetu ni mbaya, ni nzuri sana, ila inadai kitu ambacho coup nyingi hazijakifanya.

Na hapo kuna siasa, sio lugha tu. Aliyeshinda anataka picha kubwa. Maofisa wa Misri waliomwondoa mfalme Farouk Julai 1952 walianza kwa coup ya kawaida kabisa, usiku, kikundi kidogo, wakaja kuita kazi yao revolution, na kwa haki yake baadaye waligusa ardhi na utawala wote wa nchi. Ureno tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa ngazi ya kati walipiga pigo la asubuhi moja, redio ikatangaza watu wakae ndani, watu wakatoka, wakajaa barabarani na kuweka maua yanayoitwa carnation kwenye mitutu, na utawala wa karibu nusu karne ukaisha. Pale coup ilianza na umma ukaipindua kuwa kitu kingine ndani ya siku ile ile. Kwa hiyo mpaka upo, ila unaweza kuvukwa, na kuvukwa kwake kunaonekana baada ya miaka, sio usiku wa tangazo. Yule anayesoma karatasi kwenye tivii saa kumi alfajiri akisema haya ni mapinduzi ya wananchi, wananchi wengi ndo kwanza wamelala.

Sasa yale yanayosemwa sana.

Kwamba lazima iwe jeshi. Sio lazima. Jeshi linatajwa mara nyingi kwa sababu ndo lenye bunduki ndani ya dola, lakini coup ni ya waliomo ndani, awe mlinzi wa rais, awe waziri, awe rais mwenyewe. Alberto Fujimori wa Peru, rais aliyechaguliwa, tarehe 5 Aprili 1992 alilifunga bunge na kuisimamisha katiba huku jeshi likimuunga mkono, na Kihispania wakaita autogolpe, pigo la kujipigia mwenyewe. Tukiiita hiyo mapinduzi ya kijeshi tumepotosha, hakuna mwanajeshi aliyechukua kiti. Hilo ndo kosa nililosema "ya kijeshi" inalizaa. Korea Kusini usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi, askari wakapelekwa bungeni, wabunge wakapenya mpaka ndani wakapiga kura ya kuifuta saa chache tu baadaye, na wengi walioliona walilitaja kuwa jaribio la coup ya aina hiyo. Halafu angalia kilichofuata, bunge likamshtaki, na tarehe 4 Aprili 2025 mahakama ya katiba ikamwondoa. Nchi moja, mtu mmoja, kwenye miezi minne hivi una mfano wa kuvunja utaratibu na mfano wa kumwondoa rais kwa utaratibu, na hicho cha pili sio coup hata kidogo.

Kwamba lazima damu imwagike. Hapana. Nyingine zinaisha bila risasi, na zinavyofanyika hivyo ni jambo la kuelewa, maana linaeleza kwa nini wanakimbilia redio na tivii. Kikundi ni kidogo, jeshi lote hakiliwezi. Kazi yao ni kuwafanya wanajeshi wengine waamini kwamba mambo yameshaisha, kwamba kupinga ni kujiua bure. Kila kamanda kambini anajiuliza wenzangu watakuwa upande gani, na akiona sura mpya kwenye tivii ya taifa anahesabu wameshashinda, anatulia, na kwa kutulia kwake kweli wanashinda. Uturuki tarehe 15 Julai 2016 waasi waliingia kituo cha taifa wakamlazimisha mtangazaji asome tamko lao, ila rais Erdoğan akatokea kwa simu ya vidio kwenye kituo kingine akiwaita watu barabarani, na ule uhakika wa kwamba yameisha ukavunjika pale pale. Watu zaidi ya 200 walikufa usiku ule na jaribio likashindwa. Kushindwa hakubadilishi aina ya tendo, linaitwa jaribio la coup, kama vile ngumi iliyokosa shavu bado ilikuwa ngumi.

Kwamba watu wakishangilia sio coup. Hili ndo linalorudiwa kuliko yote, na naelewa linatoka wapi, mtu amechoka na serikali yake, anaona afueni, halafu anakuja mtu na Kiingereza anamwambia umeshangilia uhalifu. Lakini furaha ya barabarani inajibu swali lingine. Neno linauliza nani kapiga na kwa njia gani, haliulizi kama aliyepigwa alikuwa mwema. Unaweza kusema ile ilikuwa coup na nilifurahi, sentensi hiyo haina kosa lolote. Unaweza kusema ilikuwa coup na ilileta maafa. Kinachonikera mimi ni pale neno linapokataliwa kwa sababu tu matokeo yamempendeza anayelikataa, maana kesho yake atalihitaji.

Na wakubwa wanalikwepa kwa makusudi, sababu lina gharama. Zimbabwe alfajiri ya tarehe 15 Novemba 2017 Meja Jenerali Sibusiso Moyo alisoma kwenye tivii ya taifa kwamba jeshi halijachukua serikali, linawalenga wahalifu waliomzunguka rais, na Robert Mugabe akiwa amezuiwa nyumbani, tarehe 21 akajiuzulu kwa barua. Thailand tarehe 20 Mei 2014 jeshi lilitangaza sheria ya kijeshi na kusema hii sio coup, tarehe 22 likatangaza kwamba limechukua madaraka. Marekani ina kifungu kwenye sheria yake ya matumizi ya fedha za serikali, wafuatiliaji wanakiita 7008, kinachozuia misaada kwa serikali ya nchi ambayo kiongozi wake aliyechaguliwa ameondolewa kwa coup ya kijeshi au coup ambayo jeshi limekuwa na mkono mkubwa. Kwa hiyo jeshi la Misri lilipomwondoa rais Mohamed Morsi tarehe 3 Julai 2013, na misaada ya kijeshi ya dola bilioni 1.3 kwa mwaka ikiwa mezani, serikali ya Marekani iliamua kutotamka kama ni coup au sio coup. Niger rais Mohamed Bazoum alikamatwa na walinzi wake mwenyewe tarehe 26 Julai 2023, na Marekani ikaja kulitamka neno rasmi tarehe 10 Oktoba. Zaidi ya miezi miwili kwa silabi moja. OAU, umoja wa nchi za Afrika uliotangulia Umoja wa Afrika wa leo, ulijitafutia maneno mapana zaidi, Azimio lake la Lomé la Julai 2000 linazungumzia mabadiliko ya serikali yasiyo ya kikatiba, na humo limo hata la mtu kushindwa uchaguzi akakataa kutoka.

Nimalizie na yale matumizi mengine, maana huku ndo wafasiri wanapojikwaa. Kiingereza kina coup ya furaha pia: gazeti likiandika kwamba waziri fulani amepata "a diplomatic coup", hakuna aliyepinduliwa, maana yake ni ushindi mkubwa usiotarajiwa, kalipatia pigo lake. Nimeshasoma "mapinduzi ya kidiplomasia" kwa habari ya namna hiyo na msomaji anabaki anatafuta serikali gani imeanguka. Mbaya zaidi ni kuandika "pigo la kidiplomasia", sababu kwetu pigo likikaa hivyo ni hasara, tunasema kifo chake ni pigo kwa taifa, basi sentensi inageuka kinyume kabisa, aliyeshinda anaonekana kashindwa. Andika ushindi mkubwa wa kidiplomasia, inatosha.

Coup de grâce nayo inasikika tamu kwa sababu ya ile grâce, ila ni pigo la huruma, lile la mwisho la kummalizia aliyejeruhiwa asiendelee kuteseka, na siku hizi chochote kinachomaliza kabisa kitu kilichokuwa tayari kinakufa. Tamka "ku de gras", s ya mwisho isikike. Wengi wanaikata wakidhani Kifaransa ni kukata kila mwisho, wanasema "gra", na Mfaransa anasikia gras, mafuta, pigo la mafuta.

Na kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Wafanyabiashara wa Kifaransa walipofika kwenye nyika za Amerika Kaskazini walikuta wenyeji wana heshima ya vita wasiyoijua, mpiganaji anamkaribia adui aliye hai mwenye silaha, anamgusa kwa mkono au kwa fimbo, na anaondoka salama bila kumuua. Huo ulihesabiwa ujasiri mkubwa, mara nyingi kuliko kuua kwa mbali, na kila mtu aliyahesabu ya kwake na kuyasimulia mbele ya watu. Wafaransa wakaita kila mguso coup, na Kiingereza mpaka leo kinasema "count coup". Pigo ambalo haliumizi mtu, kama zile simu tunazopiga.

Kwa hiyo mimi nikiandika habari hizi kwa Kiswahili nafanya hivi: jeshi likichukua kiti naandika jeshi limenyakua madaraka, au mapinduzi ya kijeshi kama nafasi ni ndogo. Rais akilifunga bunge lake naandika rais amenyakua madaraka yote, siandiki mapinduzi. Neno mapinduzi likisimama peke yake nalisubirisha, nalitunza kwa siku ambayo chombo chenyewe kimepinduka.